Nyama Iliyoganda Mara Mbili

Sarafu ilikuwa imezama.

Elinuru aliinama juu ya friza, mfuniko ukiwa umeegemea ukuta, akakitazama kile kikombe cha plastiki kama mtu anayechungulia kisimani. Siku aliyoondoka kwenda Kwamkoro kumhudumia mdogo wake Pendo aliyejifungua, aliiacha sarafu ya shilingi mia mbili juu ya barafu, imelala kama jani juu ya maji. Sasa ilikuwa chini kabisa, kwenye kitako, na juu yake barafu ngumu, safi, isiyo na ufa. Mvuke wa baridi ulimpanda usoni. Nje, ukungu wa Lukozi ulikuwa umefika dirishani, na kwa muda hakuweza kutofautisha ukungu wa huko na huu uliotoka ndani ya sanduku lile jeupe.

Akaigusa nyama. Ilikuwa ngumu kama jiwe la mtoni. Mtu mwingine angefunika na kwenda zake. Lakini vifuko alivyovipanga bapa, kimoja juu ya kingine kama madaftari, kila kimoja na tarehe yake, sasa vilikuwa vimelaliana, kila kimoja kimechukua umbo la kilicho chini yake. Na sakafuni mwa friza damu ilikuwa imeganda, nyembamba, nyekundu, inang'aa.

Aliketi ukingoni mwa kitanda cha mama mkwe wake, kwa sababu friza lilikuwa chumbani kwa mama mkwe, akasikiliza mtambo ukinguruma, ukanyamaza, ukanguruma tena. Ilikuwa Jumanne. Kipaimara cha binti yake Glory kilikuwa Jumapili.

"Umeme ulikatika nilipokuwa sipo?" alimuuliza mumewe, Yeremia, aliporudi kutoka shambani, mabega yamelowa.

"Haukukatika. Wiki nzima haukukatika hata dakika moja. Kuna nini?"

"Nyama imeyeyuka, halafu ikaganda tena."

Yeremia alivua mabuti mlangoni, akaingia peku hadi kwenye friza. Akachukua kifuko kimoja, akakigonga ukingoni. Ko, ko, ko. Akamtazama mkewe kwa huruma, akidhani ni uchovu wa safari.

"Mama Glory, hii imeyeyuka?"

"Tazama sarafu, Baba Glory."

Aliitazama. Alijua mtego ule wa mkewe: unagandisha maji, unaweka sarafu juu, ikizama ujue baridi iliondoka ukiwa hupo. Siku za nyuma ulimchekesha. "Watu mia na ishirini wanakuja," alisema polepole. "Mchungaji anakuja. Kaka Tobia anakuja. Niwaambie hakuna nyama kwa sababu sarafu imesema?"

Nyama ile ilikuwa ya ng'ombe wao mmoja tu, aliyeitwa Mashavu. Aliteleza kwenye matuta mvua zilipoanza, akavunjika mguu. Ismaili mchinjaji aliitwa mbio, akamchinja palepale kwenye majani ili majirani wa dini zote waweze kula, na waliokuja kupewa mafungu yao walisikitika kwanza, kisha wakasema huenda Mungu amepanga, maana kipaimara kilikuwa kimebakiza wiki tatu na nyumba ya Yeremia ina friza. Lilikuwa zawadi ya Yunis wa Tanga, dada yake Yeremia, alipofunga duka lake la soda. Elinuru alikata nyama iliyobaki mchana kutwa, akaiacha ipoe, akaifunga vipande vidogo, akaiingiza kidogo kidogo ili iliyo moto isiipashe iliyoganda. Wanawake walisimama mlangoni wakimtazama kama wanatazama mtu anayekunja nguo za mtoto mchanga.

* * *

Kesho yake Yeremia alikwenda kwa Sharifu mwenye mashine ya kusaga. Kama umeme ungezimika, Sharifu angekuwa wa kwanza kujua. "Haujayumba," Sharifu alimhakikishia, nyusi zake nyeupe kwa unga. "Nimesaga tangu Jumatatu ile mpaka Jumamosi. Kwani kumetokea nini?"

"Hakuna," Yeremia alisema, lakini alipofika nyumbani alijua kuwa jioni ile kijiji kizima kitakuwa kinauliza kumetokea nini.

Alitoa kifuko kimoja, akakiacha kwenye beseni mpaka nyama ikalainika. Akainusa. Akamwita Glory, naye akainusa, msichana wa miaka kumi na tano aliyekuwa tayari amejaribu gauni lake jeupe mara nne.

"Inanuka nyama," Glory alisema. "Mama, iko sawa. Si iko sawa?"

"Nenda kachote maji, mwanangu," Elinuru alisema. Mtoto alipotoka, akamgeukia mumewe. Alizungumza kwa sauti ya chini, macho yakiwa kwenye beseni.

"Kule Zirai, kwenye harusi ya binamu yetu, walileta samaki kutoka pwani. Waliganda, wakayeyuka njiani, wakagandishwa tena kwa muuza soda. Hawakunuka, Baba Glory. Walikaangwa, wakanukia mpaka barabarani. Siku ya pili nilimbeba mdogo wangu Elieshi mgongoni kumpeleka zahanati. Alikuwa na miaka saba. Kadiri nilivyokwenda alizidi kuwa mwepesi. Nilidhani ni mimi ninayepata nguvu."

Miaka kumi na saba walikuwa wameoana. Yeremia alijua kuwa mkewe alikuwa na mdogo wake aliyefariki utotoni, na alijua jina lake. Hakuwahi kuuliza zaidi. Akalisukuma beseni kwa mguu, taratibu, mpaka ukutani.

"Tukiichemsha sana?"

"Moto unaua vijidudu. Sumu waliyokwisha kuiacha ndani, nyingine haisikii moto. Nilifundishwa hivyo nilipokuwa napika hosteli mjini Lushoto, na kabla ya kufundishwa nilikuwa nimekwisha kuiona."

"Basi niambie imeyeyukaje," Yeremia alisema, na sasa sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba. "Umeme haukukatika. Friza linafanya kazi. Nipe neno moja ninaloweza kumwambia kaka yangu mbele za watu. Nikimwambia tunamwaga ng'ombe mzima bila sababu, ataona nimeoa kichaa, au mimi mwenyewe ndiye kichaa."

* * *

Alhamisi asubuhi ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba miti ya uani ilionekana nusu nusu, shina bila matawi, kama miti inayokumbukwa tu. Mama Tobia, mama yake Yeremia, alikuwa amekwisha kukaa barazani na kapu la njegere. Elinuru aliweka kigoda chake karibu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Halafu wakahamia Kishambaa, kama walivyofanya siku zote wakiwa wawili.

Njegere zilidondoka kwenye bakuli, moja moja, kisha nyingi. Mahali fulani chini ya ukungu pikipiki ilikuwa inapanda mlima, sauti yake ikija na kupotea. Elinuru alimtazama mama mkwe wake kwa pembeni. Alipoondoka kwenda Kwamkoro, macho ya yule mama yalikuwa mekundu, na chini yake vifuko vya ngozi vilivyoning'inia. Sasa yalikuwa meupe. Shavu lilikuwa limejaa. Hata mikono haikutetemeka kama zamani.

"Macho yako yamepona, mama."

Njegere ziliacha kudondoka.

"Nililala," Mama Tobia alisema.

Elinuru alingoja. Hakutaka kuuliza, maana alihisi kwamba swali, likitoka, litakuwa kama jiwe limerushwa mahali ambapo ndege wametua.

"Baba yenu Alen alipokuwa anaumwa," Mama Tobia alianza, akiongea na maganda yaliyokuwa mapajani mwake, "alikuwa anapumua vilevile. Anavuta, ananguruma, anaendelea, halafu kimya. Mimi nimekaa pale kitandani nimeshika pumzi. Akianza tena, nami naanza. Miezi minne. Siku moja nikashika pumzi, nikangoja, nikangoja, hakuanza." Alichukua ganda, akalipasua, halikuwa na kitu. "Halafu mkaniletea lile sanduku. Linanguruma, linanyamaza. Kila likinyamaza nashika pumzi."

"Mbona hukutuambia, mama?"

"Ningewaambia nini? Kwamba mtu mzima namwogopa friji? Jumapili ile wewe hupo, nilirudi kanisani nimechoka. Nikavuta waya. Nikasema, pumzika sasa, baba. Nikalala." Uso wake ulilegea, na kwa sekunde chache hakuwa barazani. "Mwanangu, nililala! Niliota nashuka bonde la kwetu, miti yote imechanua, hata ile ambayo haichanui, na chini mto umejaa maziwa ya alfajiri, ukungu mtupu, nami naingia miguu mitupu wala sihisi baridi. Hakuna aliyeniita. Nikaamka, nikala, nikalala tena. Alhamisi nikamsikia Glory anafua huku anaimba nyimbo zao za kipaimara, ndipo nikaikumbuka nyama. Nikarudisha waya. Sikufunua. Nilidhani baridi ikirudi, kila kitu kinarudi kilivyokuwa."

Siku nne, Elinuru alihesabu. Kwa friza lililojaa na lisilofunguliwa, siku ya kwanza ingevumilika, na nusu ya pili. Nne, hapana.

"Usimwambie Tobia," Mama Tobia alisema, na sasa alimshika mkono, vidole vikinuka ubichi wa njegere. "Tangu Pasaka anasema nimeanza kusahau. Anataka kunipeleka Tanga kwa Yunis, nikakae na joto. Kule hakuna ukungu, Elinuru. Nitakufa nikitazama feni. Akisikia nilizima friza nikaongea na marehemu, hata Jumatatu haitafika."

"Sitasema."

"Na nyama?"

Elinuru alichukua kapu, akamwongezea njegere mapajani. "Nyama hatutakula, mama. Lakini wewe hutatajwa."

* * *

Tobia alifika Ijumaa mchana kwa gari lake dogo la bluu. Alikuwa afisa mjini Lushoto, mtu wa shati lenye mikono mirefu, aliyezoea watu kusimama anapoingia. Kwa mama yake alikuwa mpole, alimletea blanketi na dawa ya mifupa. Kwa wengine alikuwa kaka mkubwa.

"Shikamoo, shemeji," Elinuru alimwamkia, akipiga goti kidogo.

Tobia alimaliza kwanza kufuta viatu vyake. "Marahaba. Nimesikia habari njiani. Sharifu amenisimamisha kunipa pole. Pole ya nini, nikamuuliza, akasema niulize nyumbani."

Walikaa sebuleni. Yeremia alikaa karibu na mlango. Mama Tobia alikaa kwenye kiti chenye mto, blanketi jipya magotini. Elinuru alisimama, kwa sababu hakuna aliyemwambia akae.

"Nyama imeharibika," alisema. "Ni mimi, shemeji. Siku niliyoondoka nilivuta friza nifagie nyuma yake. Nilipolirudisha, plagi sikuichomeka vizuri. Imekuwa inashika na kuachia siku zote hizo."

Yeremia aliinua kichwa. Siku mbili alikuwa amemwomba sababu bila kuipata, na sasa ilitoka nyepesi namna hii. Alimtazama mkewe, akauona utulivu wake, akajua si kweli. Hakujua ukweli ni upi. Akaendelea kukaa pale karibu na mlango.

"Kwa hiyo," Tobia alisema, "mke wa ndugu yangu, mwenye cheti cha upishi, anayewafundisha wanawake wa Lukozi kuandika tarehe kwenye nyama kama barua ya ofisi, ameshindwa kuchomeka waya."

"Ndiyo, shemeji."

"Ng'ombe alikuwa wa mama. Baba ndiye aliyemwachia. Unajua hilo?"

"Najua."

"Basi usiniombe mimi msamaha. Muombe mwenye ng'ombe. Na uombe vizuri, kama watu wanavyoomba."

Ilichukua muda Elinuru kuelewa anachotakiwa kufanya. Akakunja khanga, akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji mbele ya mama mkwe wake. Glory, aliyekuwa anapita na trei ya chai, akasimama. Saruji ilikuwa baridi, na Elinuru alishangaa kuwa alichokiwaza wakati ule ni kwamba sakafu inahitaji kupigwa deki.

"Mama, nisamehe. Nimekuharibia ng'ombe wako."

Mama Tobia alimtazama. Mdomo wake ulisogea. Akanyoosha mkono na kuuweka juu ya kilemba cha Elinuru, vidole vikakikamata kitambaa kwa nguvu. Tobia alidhani mama yake amezidiwa na hasira, akamwamuru Glory amletee maji.

* * *

Jumamosi Yeremia alichimba shimo kwenye ukingo wa shamba, mbali na chemchemi. Alichimba mpaka kiunoni, halafu akaendelea. Walileta vifuko kwa toroli mara tatu, na vile vifuko vya karoti na maharage mabichi vilivyokuwa humo pia, maana damu ilikuwa imevifikia. Elinuru alichana kila kifuko na kumwaga nyama peke yake. Ilitoa moshi mwembamba ilipokutana na hewa, na ule moshi ukachanganyika na ukungu ukaondoka bila haraka, kama vile Mashavu mwenyewe alikuwa anatembea kuelekea malishoni.

Watu walikuja. Hawakusema kuwa wamekuja kutazama. Mmoja alikuwa anatafuta kuku, mwingine anapita njia. Mzee Nathanaeli, jirani wa upande wa juu aliyekuwa akilea wajukuu wanne, alikaribia akiwa amevua kofia.

"Mama Glory, nipatie hata kile kidogo cha pembeni. Kwa ajili ya mbwa."

"Shikamoo, mzee. Mbwa yupi? Wewe huna mbwa."

Mzee aliigeuza kofia mikononi. "Sina," alisema.

Yeremia aliacha kutupa udongo. Elinuru alipanda kutoka ukingoni mwa shimo, akaenda nyumbani, akarudi na debe dogo la njegere alizozimenya na mama mkwe wake, zilizokuwa za karamu, na mayai kumi yaliyofunikwa kwa majani. "Hii wape watoto. Ile, mzee, ningekupa kama nisingekupenda." Mzee alipokea kwa mikono miwili, lakini alipoondoka aligeuka mara mbili kulitazama shimo.

Walimwaga majivu na chokaa, wakafukia, wakaweka mawe juu. Glory alikuwa amesimama kwenye matuta ya juu muda wote, mikono imefungwa kifuani.

"Jumatatu Yassir wa darasani kwetu na wenzake watacheka," alisema mama yake alipomfikia. "Watasema tulizika ng'ombe kama mtu. Kwa nini ulisahau waya, mama? Wewe husahau kitu!"

Elinuru alitamani kumshika, lakini mikono yake ilikuwa na damu na chokaa. "Siku hiyo nilisahau," alisema.

* * *

Jumapili jua lilitoka. Wasichana na wavulana kumi na wanane walitoka kanisani wakiwa weupe kama maua ya viazi, na baada ya picha watu walishuka nyumbani kwa Yeremia. Kulikuwa na wali, maharage yaliyoungwa kwa karanga, njegere, viazi, kabichi, na kuku wanne waliogawanywa vipande ambavyo mtu angeweza kuvimeza bila kutafuna. Wageni walichota, wakachimbua wali kwa kijiko wakitafuta kilicho chini, wakaendelea kula kimyakimya. Mchungaji alisifu njegere. Alizisifu mara mbili, na mara ya pili watu walitazamana.

Tobia alisimama kutoa nasaha kwa niaba ya ukoo. Alizungumza vizuri juu ya imani, juu ya shule. Halafu, akiwa amepata ladha ya kusikilizwa, akasema, "Na wageni wetu mtusamehe. Mama wa nyumba hii aliamua kuwa kipaimara cha mwaka huu kiwe cha mboga."

Watu walicheka. Si kwa ubaya, walikuwa wamengoja mtu awaruhusu. Glory aliinamisha kichwa mpaka ushungi wake ukamfunika uso. Elinuru alikuwa anapita na sinia la vikombe, naye akatabasamu kama mtu anayetabasamu gari linapomrushia matope.

"Niliuzima mimi."

Sauti ilikuwa ndogo, wengi hawakuisikia. Mama Tobia alikuwa amesimama, ameshika kiti cha mbele yake. Akarudia. "Ule umeme wa friza. Niliuzima mimi. Elinuru alikuwa Kwamkoro, hajui kitu. Amewadanganya kwa ajili yangu."

"Mama, kaa," Tobia alisema.

"Nimekaa vya kutosha. Ijumaa nilikaa, mtoto wa watu akapiga magoti mbele yangu, nikanyamaza. Leo nimekwenda kanisani nikashindwa kusali." Akawatazama wageni. "Lile sanduku lilikuwa linapumua kama Alen. Nyinyi mlikuwepo mwishoni, mlisikia alivyokuwa anapumua. Sikuweza kulala. Nikamzima, nikalala siku nne. Nyama ikaharibika. Kama mnataka kucheka, nichekeni mimi."

Kijiko kiliwekwa chini mahali fulani. Tobia alikuwa bado amesimama, uso wake umekuwa wa mtoto aliyeitwa ghafla na mwalimu, na wala hakuwa akifikiria Tanga wala nyama. Alikuwa akisikia pumzi za baba yake, ambazo yeye alizisikia siku mbili tu kabla ya kurudi kazini.

Bi Mwanahawa, mjane aliyekuwa akiuza vitumbua karibu na msikiti, ndiye aliyetangulia kuongea. "Mimi saa ya ukutani ya marehemu niliichomoa betri," alisema, akijimiminia chai. "Mwaka wa sita huu. Wanangu wanadhani imekufa, kila Idi wanasema wataniletea fundi. Nani anataka fundi?"

Kicheko kilichofuata kilikuwa cha namna nyingine, na kilikuwa na machozi ndani yake. Mtu aliomba aongezewe njegere. Glory aliinuka, gauni lake likikwama kwenye benchi, akavuka ua wote mbele za macho ya wenzake, akampokea mama yake lile sinia la vikombe.

* * *

Wageni walipoondoka, Yeremia na Sharifu walilitoa friza chumbani, wakalihamishia jikoni, na Yeremia akavuta waya mpya. Alipomaliza alikaa karibu na mkewe kwenye ngazi ya jikoni. "Ijumaa nilijua unadanganya," alisema. "Nilitakiwa kuinuka."

"Ulitakiwa," Elinuru alikubali. Akamsogelea kidogo, lakini si sana.

Tobia hakubadilika kwa siku moja. Aliongea na mdogo wake kwa muda mrefu chini ya paa la stoo, sauti ikipanda na kushuka: mama anahitaji daktari, mama anahitaji uangalizi, Yunis ana nafasi, hewa ya Tanga itamsaidia mifupa. Nusu ya aliyoyasema yalikuwa ya kweli. Yeremia alisema kila mara jambo moja tu, kwamba mama ataulizwa. Mama alikuwa amekwisha kwenda kulala.

Jumatatu asubuhi ukungu ulirudi, ukajaza bonde mpaka ukingo. Tobia aliwasha gari lipate moto, akafungua mlango wa nyuma, akaliweka lile blanketi kwenye kiti. Yeremia alisimama kando, mikono mifukoni. Mlango wa nyumba ulifunguka na Mama Tobia akatoka, amejifunga kitenge vizuri, ameshika fimbo, na miguuni amevaa mabuti ya mpira ya Glory, makubwa kidogo.

"Shikamoo, mama," Tobia alisema, akimshikia mlango. "Ingia taratibu."

"Marahaba, mwanangu. Uwasalimie Tanga ukienda. Mwambie Yunis aje Krismasi, nitamwona." Alilipita gari. "Daktari nitamwona, hapa hapa Lushoto. Siku utakayokuja kunichukua kwa daktari, nitaingia humo. Leo tunavuna viazi."

Elinuru alikuwa anangoja njiani na majembe mawili. Alimpa mama mkwe lile jepesi. Wakateremka kwenye matuta, mmoja nyuma ya mwingine, na ukungu ukawachukua miguu kwanza, kisha viuno, kisha vilemba vyao viwili.

Tobia alibaki ameshika mlango wa gari. Hakuwaona tena. Aliwasikia tu, chini kule, wakiongea Kishambaa cha haraka ambacho yeye alianza kukisahau mjini, halafu akamsikia mama yake akicheka. Yeremia alikuja, akalitoa lile blanketi kwenye kiti, akaufunga mlango polepole ili usipige kelele.